Sura ya Tano: Chupa Iliyofichwa na Bei Iliyofichwa

Julai 2015 kampuni ya Carnival Cruise Line ilipiga marufuku maji. Kuanzia tarehe 9 ya mwezi huo, abiria wa meli zake za kitalii hawakuruhusiwa tena kupanda na maji ya chupa, soda ya chupa wala juisi ya chupa. Walichoachiwa ni makopo na pakiti, na hivyo navyo kwa hesabu: 12 kwa kila mtu, tena viwe kwenye mzigo wa mkononi. Kabla mwezi haujaisha, Norwegian Cruise Line nayo ilikuwa imetoa amri ya namna hiyo, kali kuliko ya kwanza.

Maji yana kosa gani? Kampuni ilieleza bila kuzunguka. Baadhi ya chupa zilizokuwa zikipita mlangoni na nembo ya maji zilijazwa vodka, jini au ramu nyeupe, vinywaji ambavyo jicho peke yake haliwezi kuvitofautisha na maji. Walinzi walikuwa wakipoteza muda mwingi kukagua chupa moja baada ya nyingine, huku maelfu ya watu wakisubiri gatini na watoto na mizigo yao.

Amri hiyo inaonyesha mambo yalikofika. Watu wazima wenye kazi na heshima zao, waliolipa nauli kwa hiari, wanakaa jikoni usiku wa kuamkia safari wakibandika upya vifuniko vya chupa za maji. Kampuni zinazoingiza mabilioni ya dola kwa mwaka zinawawekea mashine za eksirei na kuwapekua kwa ajili ya nusu lita ya ramu. Katika sura hii nitaeleza kwa nini pande hizi mbili zimefika hapa. Ninachoamini ni kwamba bei iliyofichwa ndiyo inayozaa chupa iliyofichwa. Mwenye meli hutangaza nauli iliyo chini ya gharama ya safari, kisha huitafuta tofauti kwenye glasi. Abiria akishaligundua hilo, naye hutafuta ahueni kwenye sanduku lake. Kila mmoja hujiona ana haki, na hasara humwangukia mtu wa tatu.

Mbinu za mlangoni

Tuanze na kanuni zenyewe, maana si sawa kila mahali. Katika meli za Carnival na za Royal Caribbean, abiria aliyefikisha umri wa kunywa anaruhusiwa kupanda na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750, siku ya kuanza safari tu. Akitaka kuinywea mezani mgahawani, hulipishwa ada ya kuifungua. Disney ni wakarimu zaidi: chupa mbili za mvinyo au bia sita kwa mtu mzima, mwanzoni mwa safari na tena katika kila bandari. Pombe kali imekatazwa karibu kote. Umri wa kunywa ni miaka 21 kwa safari nyingi zinazoanzia Marekani, na 18 kwa nyingi zinazoanzia Ulaya.

Magendo yamekulia katika pengo lililopo kati ya ile chupa moja inayoruhusiwa na kiu ya wiki nzima. Mbinu ya zamani ni dawa ya kusukutua mdomo: dawa inamwagwa, chupa inajazwa vodka, kisha matone ya rangi ya chakula yanairudishia rangi ya kijani au buluu. Baadaye zikafuata chupa za shampuu na za mafuta ya kujikinga na jua. Biashara haikuchelewa kunusa faida. Leo zipo kampuni zinazotengeneza mifuko laini ya plastiki isiyo na chuma, makusudi isijitokeze kwenye eksirei. Unaweza kununua mwavuli ambao mpini wake ni chupa, darubini ambayo haioneshi mbali kwa kuwa tumbo lake limejaa wiski, hata brashi ya nywele yenye kifuniko cha kufungua. Wengine huchukua mfuko wa ndani wa mvinyo wa boksi, wakauzungushia nguo na kuulaza katikati ya sanduku.

Upande wa pili nao haujalala. Mizigo mikubwa huachwa kwa wapagazi wa bandari, hupitishwa kwenye eksirei, kisha husambazwa milangoni mwa vyumba. Mtazamaji wa skrini haoni rangi ya nembo; anachokiona ni umbo la kimiminika, na mfuko wa lita moja uliofungwa ndani ya suruali haufanani na suruali. Jioni jirani zako wanapofungua masanduku yao wavae nguo za chakula cha usiku, lako halijafika. Unapigiwa simu ushuke kwenye chumba cha ulinzi, ambacho abiria wa Kimarekani wamekibatiza chumba cha watukutu. Hapo utakuta foleni ya watu wasiotazamana usoni. Sanduku linafunguliwa mbele yako, kisichoruhusiwa kinamwagwa, na fidia hakuna. Kanuni za kampuni nyingi zinampa nahodha uwezo wa kumteremsha abiria aliyezivunja, ingawa kwa chupa moja tu mambo mara nyingi huishia kwenye aibu.

Bandari za njiani ni mlango mwingine. Nassau, Cozumel na St. Thomas zimejaa maduka yanayouza ramu bila ushuru kwa bei ndogo kuliko ya baa iliyo mita 200 kutoka hapo, ndani ya meli. Unaruhusiwa kununua, lakini ukirudi chupa inachukuliwa, inawekewa kitambulisho na kuhifadhiwa hadi mwisho wa safari. Utakabidhiwa wakati wa kwenda nayo nyumbani. Yaani meli haina ugomvi na wewe kumiliki pombe. Ugomvi wake ni kwamba usiinywe ndani kabla hujailipa kwake.

Hesabu ya glasi

Sasa tutazame bei. Katika meli nyingi zinazoanzia Florida, bia moja huuzwa kwa dola 7 hadi 9, na kokteli kwa dola 12 hadi 16. Juu yake huongezwa tozo ya huduma, asilimia 18 au 20 kulingana na kampuni, na huongezwa yenyewe, upende usipende. Pombe hiyo kwa sehemu kubwa imepakiwa bila ushuru, kwa kuwa inakwenda kunywewa nje ya nchi. Abiria haoni punguzo lolote la ushuru huo kwenye glasi yake. Na meli ikiwa bado gatini Galveston, jimboni Texas, anatozwa hata kodi ya mauzo ya jimbo.

Kwa anayeona bei hiyo ni mzigo, kampuni ina jibu tayari: kifurushi cha vinywaji. Unalipa kiasi kimoja kwa siku, unakunywa utakavyo. Bei hupanda na kushuka kulingana na meli na msimu, kuanzia kama dola 60 hadi kuzidi 100 kwa siku. Tuchukue mfano wa dola 70. Weka tozo ya asilimia 18, inakuwa dola 82.60. Kwa siku saba ni dola 578.20. Carnival na kampuni nyingine kubwa zinataka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue kifurushi, ili mmoja asilipe wakanywa wawili. Mke na mume, basi, wanalipa dola 1,156.40, hata kama mke anatosheka na glasi moja ya mvinyo wakati wa chakula. Katika miezi isiyo na wateja wengi, fedha hiyo inaweza kuzidi nauli yao wote wawili.

Tuendelee kidogo. Kokteli ya dola 13 pamoja na tozo ni dola 15.34. Ili kifurushi cha dola 82.60 kimrudishie mnunuzi fedha yake, inabidi anywe zaidi ya kokteli tano kila siku, bila kuruka hata moja, hata siku aliyoamka kichwa kinamuuma. Mwongozo wa lishe wa serikali ya Marekani wa 2020 hadi 2025 ulishauri mwanamume asizidishe vinywaji viwili kwa siku na mwanamke asizidishe kimoja. Carnival imeweka ukomo wa vinywaji vya pombe 15 ndani ya saa 24. Kati ya viwili vya mwongozo na 15 vya kampuni, abiria ameachwa na sauti moja inayomnong'oneza: umeshalipia, kunywa.

Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko ukubwa wa bei. Bei kubwa ingeweza kumfanya mtu anywe kidogo, na hilo lingekuwa na kheri yake. Kifurushi hugeuza mambo: mtu hulipa sana, kisha hulazimika kunywa sana ili asijione mjinga. Aliyeficha chupa naye hayuko salama, kwa sababu lita aliyoitolea jasho kuivusha hataki kuirudisha nyumbani. Mmoja ametii kanuni na mwingine amezivunja, lakini usiku wa tatu wote wawili wamekunywa kuliko walivyotaka.

Nauli ilivyopungua

Jambo hili lina historia, na historia hiyo inaanzia kwenye meli iliyokwama. Tarehe 11 Machi 1972 meli ya Mardi Gras iliondoka Miami ikiwa safari ya kwanza ya kampuni changa ya Carnival, na mamia ya mawakala wa usafiri walialikwa waje wajionee. Haikufika mbali. Ilipanda fungu la mchanga nje kidogo ya bandari, mbele ya macho ya mji mzima. Mwanzilishi wa kampuni, Ted Arison, alikuwa ameinunua ikiwa mkongwe wa njia ya Canada, iliyoitwa Empress of Canada. Mwaka 1974 kampuni ilikuwa imezama kwenye madeni kiasi kwamba alinunua hisa za wabia wake kwa dola moja, akakubali kubeba deni la takribani dola milioni 5.

Mafuta yalikuwa yamepanda kwa mshtuko wa mwaka 1973, na meli ya zamani hula mafuta. Kampuni ikaiendesha polepole na kupunguza bandari za kupitia. Abiria wakawa na saa nyingi za kukaa ndani, na ndani ndiko kulikokuwa na baa, kasino, muziki na densi. Carnival ikaitangaza kama meli ya raha, ambayo safari yenyewe ndiyo pa kwenda. Nauli ikashushwa hadi kiwango ambacho mwalimu au fundi magari wa Ohio angeweza kukimudu. Ilikuwa hatua kubwa. Bahari, iliyokuwa mahali pa matajiri kupumzika, ilifunguliwa kwa watu wa kawaida, na hilo naliheshimu kwa dhati.

Lakini kile kilichotolewa kwenye nauli kilibidi kirudi kwa njia nyingine. Tazama hesabu za leo. Mwaka 2023 Carnival Corporation, ambayo sasa inamiliki kampuni kadhaa za meli, iliingiza takribani dola bilioni 21.6. Kati ya hizo, bilioni 7.5 hazikutokana na tiketi. Zilitokana na baa, kasino, matembezi ya bandarini, maduka, intaneti na mengineyo. Mshindani wake, Royal Caribbean, mwaka huo huo aliingiza kama bilioni 13.9, na bilioni 4.3 zilikuwa za aina hiyo. Kwa maneno mengine, katika kila dola tatu, moja hivi hutoka mfukoni mwa abiria nje ya tiketi yake, na sehemu kubwa ya fedha hiyo huitoa akiwa ameshapanda na hana duka jingine la kwenda.

Ukishaijua hesabu hiyo, unaelewa kwa nini meli mpya zinajengwa zilivyo. Icon of the Seas, iliyoanza safari Miami Januari 2024, inaweza kubeba abiria wapatao 7,600, na si rahisi kutembea kwenye sitaha zake za burudani bila kupita mahali panapouza kinywaji. Unaelewa pia kwa nini kampuni zinamiliki au kukodi visiwa vya Bahamas. Norwegian ilitangulia na Great Stirrup Cay mwaka 1977. Abiria anashuka, anakanyaga mchanga, anahisi ameiacha meli, kumbe baa aliyoegemea ni ya wenyeji wale wale.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaijua biashara hii. Kuna kumbi za harusi ambako kreti ya bia uliyoinunua mwenyewe dukani hulipiwa tena mlangoni kabla haijaingia ndani. Tofauti ni kwamba kamati ya harusi huambiwa masharti hayo siku ya kukodi ukumbi, na ikiona hayafai inahamia ukumbi wa jirani. Meli ikishang'oa nanga haina jirani.

Wakati bahari ilipokuwa kimbilio

Karne moja iliyopita magendo yalikwenda kinyume na ya leo. Januari 1920 Marekani ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe. Meli zilizojaa wiski na ramu, nyingi zikitoka Nassau, zikajipanga baharini nje ya New York na New Jersey, nje kidogo ya mpaka wa maili tatu, na boti ndogo zenye mwendo mkali zikawa zinakwenda usiku kuchukua shehena. Mpaka ulisogezwa mwaka 1924 hadi umbali wa mwendo wa saa moja kutoka pwani. Pombe ilikuwa ikitoroshwa kutoka baharini kwenda nchi kavu.

Meli za abiria zilinaswa katikati. Oktoba 1922 Mwanasheria Mkuu Harry Daugherty alitamka kwamba meli yenye bendera ya Marekani hairuhusiwi kuuza pombe popote duniani, na kwamba meli ya kigeni hairuhusiwi kuingia nayo katika maji ya Marekani hata kama imefungiwa stoo. Kampuni ya Cunard ilikwenda mahakamani. Mwaka 1923 Mahakama ya Juu ikaziruhusu meli za Marekani kuwa na pombe zikiwa nje ya maji ya nchi, lakini ikaendelea kuzibana za kigeni zikiwa ndani, hadi mkataba na Uingereza wa 1924 uliporuhusu stoo iwekwe lakiri. Kisha zikaja safari fupi za wikiendi kutoka New York, nyingine zisizokwenda popote: meli ilivuka mpaka, baa ikafunguliwa, watu wakanywa siku mbili, wakarudi. Zilidumu hadi marufuku ilipofutwa Desemba 1933. Katika safari hizo mwenye meli na abiria walikuwa upande mmoja, na serikali upande wa pili. Leo serikali imejiondoa, na waliokuwa washirika ndio wanaopekuana.

Je, pombe ikiuzwa rahisi baharini, mvutano utakwisha? Bahari ya Baltiki inatupa jibu. Uswidi na Finland zina maduka ya serikali yanayouza pombe, Systembolaget na Alko, na kodi yake ni kubwa. Umoja wa Ulaya ulipofuta mauzo bila ushuru kati ya nchi wanachama, tarehe 1 Julai 1999, visiwa vya Åland vilibaki nje ya mfumo huo wa kodi kwa makubaliano ya Finland ilipojiunga mwaka 1995. Ndiyo maana meli za Viking Line na Silja Line kati ya Stockholm na Helsinki husimama Åland usiku kwa muda mfupi. Kituo hicho kinatosha kuliruhusu duka la melini liuze bila ushuru. Huko hakuna sababu ya mtu kuingiza vodka ndani ya chupa ya shampuu, kwa kuwa pombe rahisi ndiyo iliyomleta. Matokeo yake ni safari zenye sifa ya ulevi tangu vizazi vilivyopita, na walinzi wenye vyumba vya kuwatulizia walevi. Kushusha bei peke yake, basi, kunaondoa magendo na kuuacha ulevi.

Hatari isiyoonekana

Kampuni zinapotetea ukaguzi wao hutaja usalama kwanza na fedha hazizitaji kabisa. Mtu anaweza kuudhika na ukimya huo, lakini hoja ya usalama ni ya kweli na inastahili kusikilizwa. Meli haina gari la wagonjwa la kuita. Ina zahanati ndogo, daktari na wauguzi wachache, na helikopta ya walinzi wa pwani hufika tu ikiwa umbali unairuhusu. Ngazi ni nyingi, sitaha huteleza, na nje ya kizuizi ni bahari. Sheria ya Marekani ya usalama wa meli za abiria ya mwaka 2010 iliagiza vizuizi vya sitaha visipungue inchi 42, kama sentimita 107, na iliagiza makosa makubwa yaripotiwe kwa FBI. Kizuizi cha urefu huo humfika mtu mzima kiunoni na zaidi. Kinamlinda aliyejikwaa. Aliyeamua kukikalia akiwa amelewa hakimlindi.

Sheria inamkumbuka mwenye meli pia. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya Florida ilikubali kwamba Royal Caribbean ilikuwa na kesi ya kujibu, baada ya abiria kudai alinyweshwa kwenye baa za meli hadi akalewa chakari, akaachwa aondoke, akaanguka ngazini na kuumia. Tangu hapo kampuni inajua kwamba glasi inayoiuza inaweza kuifuata hadi mahakamani. Mhudumu hufundishwa kusoma macho ya mteja na mwendo wake, na kusimamisha huduma. Mfumo wa kompyuta unahesabu kila kinywaji kilichopita kwenye kadi.

Chupa ya kabatini haimo kwenye hesabu hiyo. Mteja anafika baa akiwa ameshakunywa robo lita ya ramu chumbani, anaagiza bia mbili, kadi inaonyesha bia mbili. Mhudumu anaona mtu mwenye bia mbili. Saa moja baadaye mtu huyo ameanguka, na swali la kwanza litakuwa: nani alimhudumia?

Mtu aliye nyuma ya kaunta

Huyo mhudumu ndiye mtu wa tatu niliyemtaja mwanzoni. Mara nyingi ametoka Ufilipino, India, Indonesia au visiwa vya Karibi, na miongoni mwa mabaharia wa meli hizi wamo pia vijana wa Kenya, wengine wa Mombasa. Mkataba wake ni wa miezi sita hadi tisa. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa 2006 unaruhusu nchi yenye bendera ya meli ipime kwa saa za mapumziko, yaani zisipungue 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Ukipiga hesabu, inabaki nafasi ya kufanya kazi saa 91 kwa wiki bila kuvunja mkataba. Yeye mwenyewe akiwa kazini anabanwa na kiwango cha kimataifa cha pombe kwa mabaharia, asilimia 0.05 ya damu, na ukiukaji unaweza kumrudisha nyumbani kwa ndege ya kesho.

Sehemu kubwa ya kipato chake hutegemea ile tozo ya asilimia 18 au 20. Fikiria kampuni ilivyompanga. Mshahara wa msingi ni mdogo na sehemu iliyobaki ataipata kwenye glasi. Kwa hiyo abiria anayeficha chupa kwa hasira dhidi ya kampuni yenye mabilioni humfikishia hasira hiyo mtu anayefuta kaunta saa nane za usiku. Kampuni itafidia pengo lake kwenye kasino au kwenye nauli ya mwakani. Mhudumu hana kasino. Na yeye huyo huyo, anayelipwa kwa kadiri watu wanavyokunywa, ndiye anayetakiwa kuwaambia imetosha. Kumpa mtu mmoja kazi mbili zinazopingana, kisha kuita mpango huo usalama, ni dhuluma, na siwezi kuipa jina la upole zaidi ya hilo.

Bei mezani

Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga. Nauli rahisi ya baharini imevunja upishi wa watu wengi ambao hawakuijua bei hadi walipokuwa katikati ya maji. Dawa yake si ngumu kuiona. Kampuni kama Silversea, Seabourn na Regent Seven Seas huweka vinywaji ndani ya nauli, na abiria wao hawana sababu ya kupaka rangi vodka. Nauli zao ni kubwa mno kwa yule mwalimu wa Ohio, kwa hiyo sisemi meli zote ziwe kama zao. Kinachoweza kuigwa bila kumfungia nje mtu wa kipato cha kawaida ni uwazi.

Na uwazi umeshaanza kulazimishwa. Tarehe 1 Julai 2024 sheria ya California ilianza kuwataka wafanyabiashara watangaze bei yenye ada zote za lazima ndani yake. Kampuni kubwa za meli zilibadilisha matangazo yao kwa Marekani nzima, na ada za bandari zilizokuwa zikichipuka kwenye ukurasa wa mwisho wa malipo zikahamia kwenye bei ya kwanza. Hakuna kampuni iliyofilisika kwa sababu ya kusema ukweli huo. Sheria haikugusa glasi, kwa kuwa kunywa si lazima. Hapo ndipo pa kuendelea.

Abiria aoneshwe bei ya bia, ya kokteli na ya kifurushi, pamoja na tozo yake, kwenye ukurasa ule ule anaochagua chumba, kabla hajatoa kadi ya benki. Kanuni ya kuwalazimisha watu wazima wote wa chumba kununua kifurushi ifutwe, kwa sababu inamtoza asiyekunywa ulevi wa mwenzake. Mhudumu wa baa alipwe mshahara unaomtosha akiuza glasi 10 au 100, ili neno lake la "imetosha" lisimkate posho. Haya yatapandisha nauli kidogo. Nauli hiyo itakuwa ya kweli, na mtu ataweza kuilinganisha na ya kampuni nyingine akiwa bado amekaa sebuleni kwake na uhuru wa kukataa.

Na abiria naye asijifiche nyuma ya ubaya wa kampuni. Mvinyo unaoruhusiwa apande nao mkononi, mchana kweupe. Apige hesabu ya kifurushi kwa kiasi anachokunywa nyumbani, asipige kwa kiasi ambacho tangazo linamwota akinywa. Akiona bei haimfai, aikatae kwa kutopanda na aseme sababu, kwa kuwa meli inayoondoka na vyumba vitupu ndiyo lugha ambayo wenye meli huielewa upesi kuliko zote. Kuficha ramu kwenye chupa ya shampuu hakujawahi kushusha bei ya glasi hata kwa senti moja. Kumewapa wenye meli sababu ya kununua eksirei nyingine, na ya kutuuzia hata maji.